Mdomo Mweusi wa Hondohondo

Kwenye programu ya mazishi ya mke wangu waliweka njiwa wawili weupe na waridi jekundu. Hapa kwetu, nje kidogo ya Kyuso, njiwa weupe hawapo. Waridi halipo. Nimechunga mbuzi katika vichaka hivi tangu nikiwa na meno ya utoto. Wangekuwapo ningewaona.

Chini ya njiwa waliandika: Ndila, mama wa nyumbani, mpenda watu, mcha Mungu. Basi. Miaka sabini na moja, mstari mmoja. Mtu aliyechora kila ndege anayelia kutoka hapa hadi ng'ambo ya mto, wakamzika na ndege waliotolewa kwenye kompyuta.

Mimi sikusoma shule. Herufi nilizijua ngumbaru, kichwa kikiwa cheupe tayari, na ni Ndila aliyenisukuma niende. Kwa hivyo naandika polepole na nitaandika machache. Lakini nitaandika, kwa sababu wenye shule wameshindwa.

Ndila alizaliwa Nunguni, juu kule kwenye ukungu na migomba. Nilipomleta huku kwenye ukavu, watu walisema hatamaliza kiangazi kimoja. Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni, na kwezi akatua kwenye mwiba mbele yake, mgongo wa samawati, tumbo la rangi ya kutu.

"Yule ni nani?" akaniuliza.

"Ni ndege tu."

"Ndege Tu ndilo jina lake? Na baba yake anaitwa nani, Mti Tu?"

Niliona haya. Siku hiyo nilimwambia majina yote niliyoyajua, ya Kikamba, na aliyataka yote. Alikuwa amepanda gari kutoka Nunguni mpaka huku na hakuchoka kuuliza.

Kuchora kulianza baadaye, Ben wetu akiwa nasari. Nasari ya kanisa haikuwa na vitabu. Mwalimu alikuwa akichora chati kwenye magunia na kuyatundika ukutani. Ndila alienda kusaidia kupika uji, akaona gunia lenye tufaha na penguini. Alirudi nyumbani amefura.

"Baba Ben, hawa watoto watakutana na penguini wapi? Mtoni Tana?"

Wiki iliyofuata alipeleka gunia lake. Kanga, kobe, mti wa muvuti ukiwa na maua mekundu na hauna hata jani moja. Alichora kwa makaa na rangi iliyobaki kwenye mkebe wa milango ya kanisa. Watoto walilipigia kelele lile gunia kama wameona ndugu zao.

Mwalimu mmoja kijana aliyeitwa Shiru, wa kutoka upande wa Murang'a, alipopata uhamisho alimwachia kisanduku cha rangi za maji na brashi tatu. Miaka mingi baadaye Ben, akiwa na duka lake Sultan Hamud, akaanza kumletea akriliki, zile za kufinywa kama dawa ya meno. Ndila alinieleza tofauti, na mimi nilishika. Rangi ya maji hata ikikauka bado inaogopa maji. Akriliki ikishakauka haikumbuki maji tena. Kwa hivyo maua yale yanayotoka baada ya mvua na kufa baada ya siku nne, hayo alichora kwa rangi ya maji, kwenye karatasi, na kuyafungia ndani ya sanduku la bati. Miti na ndege wakubwa aliwachora kwa akriliki, kwenye magunia na kwenye vipande vya mabati alivyonyoosha kwa nyundo.

Wengine walicheka. Jirani yangu Kyule, rika langu, alikuwa akipita na kuuliza, "Mutunga, leo tunakula nini, picha?" Ndila alimjibu kutoka jikoni, "Wewe utakula yule tai, shemeji, mfupa wake unakutosha."

Hakuandika jina lake kwenye picha hata moja. Alikuwa na alama yake. Kwenye pembe ya chini aliweka nukta ya kijani, ndogo kama punje ya ndengu. Lakini hakuiweka mpaka mimi nikague. Alikuwa akiniita, ananiwekea kiti, anauliza, "Ndiye?" Mimi nilikuwa nimekaa na hao ndege porini, yeye amewaona kutoka uani. Nikisema mguu ni mrefu, anafupisha. Nikisema yule hainami hivyo akinywa, anarudia. Nikisema "Ndiye," anachovya ncha ya brashi na kuweka ndengu yake. Tulifanya kazi hivyo miaka arobaini na zaidi. Hiyo nayo haikuwa kwenye programu.

Nilichoma makaa pia. Siwezi kuficha. Kulikuwa na mti mkubwa wa muuku nyuma ya boma, na mwaka wa njaa nilinoa shoka. Ndila hakunikataza. Alisema, "Nipe siku tatu." Alikaa siku tatu chini ya ule mti na bati lake. Siku ya nne nikaukata. Picha ipo, mti haupo, na mimi nikiitazama nasikia shoka.

Sasa nifike kwenye hondohondo.

Kwenye mgunga ulio karibu na jikoni kuna tundu. Kila mvua za Novemba zikija, hondohondo jike huingia humo, anajiziba kwa tope, anaacha ufa mwembamba wa kupitisha mdomo. Dume hubaki nje. Kazi yake ni kuleta panzi na kuwapenyeza pale kwenye ufa, kutwa nzima, mpaka yeye mwenyewe anakonda. Mwaka juzi, mwezi wa kumi na mbili, Ndila alichukua bati kubwa kuliko yote na kuwachora. Dume na mdomo wake mwekundu, panzi mdomoni. Jike ndani, mdomo tu ndio unaonekana.

Aliuchora mweusi.

"Ndiye?" akauliza.

"Siye. Hondohondo huyu ana mdomo mwekundu."

"Dume ndiye mwekundu. Jike ni mweusi. Nimemwona akitoka, Baba Ben. Mwaka jana ulikuwa umeenda na mbuzi."

"Wenye mdomo mweusi ni makinda yao. Wakikomaa wanakuwa wekundu. Mimi ndiye niliyechunga hapa, si wewe."

Aliniangalia. Hakubadilisha. Ilikuwa mara ya kwanza hakubadilisha. Na mimi sikusema ndiye. Nilifanya kibaya zaidi. Nilienda sokoni nikamwambia Kyule na wenzake kwamba mama amezeeka, sasa anachora midomo ya ndege kwa masizi. Tulicheka sana.

Januari aliugua. Alilazwa wiki mbili, wakamrudisha. Siku za mwisho nilimpa uji kwa kijiko, kidogo kidogo, kichwa chake kwenye mkono wangu. Bati lilikuwa limeegemea ukuta mbele yake. Hakuniuliza tena, na mimi sikusema.

Siku ya mazishi kina mama wa mapishi walikosa mahali pa kukatia. Mtu, sijui ni nani, na afadhali nisimjue, aliingia nyumbani akatoa magunia matatu ya Ndila, akayatandika chini. Walikatia kabichi juu ya kanga. Walimwaga maji ya nyama juu ya muvuti. Nilipouliza niliambiwa, "Mzee, tulia, ni magunia tu." Ndege tu. Magunia tu. Mama wa nyumbani tu.

Mwaka ulipita. Mwisho wa Januari hii ilikuwa siku ya kumkumbuka na kukamilisha kaburi. Ben alikuja Jumapili, siku sita kabla, na kitu kizito ndani ya gari. Kyule, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya ukumbusho, alisaidia kukishusha. Kilikuwa kigae kikubwa cha kung'aa. Njiwa wawili weupe. Waridi. Mama wa nyumbani.

"Nau, umeona?" Ben akasema. Bado huniita hivyo, baba kwa Kikamba, ingawa ana wajukuu. "Hiki hakichujuki hata miaka hamsini."

"Hicho ndicho kinachoniudhi."

"Kina shida gani?"

"Hao ndege ni wa nani?"

"Ni njiwa, Nau. Ni wa amani."

"Mama yako aliwachora lini?"

Ben akafuta vumbi kwenye kigae. Kyule akasafisha koo. "Mutunga, watu wote huweka njiwa. Utaweka ndege wa porini juu ya Mkristo?"

"Na hao njiwa wamezaliwa kanisani? Kwenye kaburi la Ndila patawekwa kazi ya Ndila. Kigae hiki kirudi kilikotoka."

"Sawa," Ben akasema, taratibu. "Basi tuweke picha aliyochora. Ipi?"

Nikaona nimeshinda. Nikafungua sanduku. Maua yote yale, lakini ni rangi ya maji, mvua moja tu na yamekwisha. Magunia mawili yalikuwa nasari, sikuweza kuwanyang'anya watoto. Matatu yalikuwa na kabichi. Muuku sikuutaka juu yake, mti nilioukata kwa mkono wangu. Bati lililobaki la akriliki, kubwa la kutosha, lilikuwa la hondohondo.

Kyule alilitazama, akatazama pembe ya chini. Anajua ile ndengu, kila mtu wa hapa anaijua.

"Hii haina alama," akasema. "Na si wewe uliyetuambia sokoni kwamba amekosea mdomo? Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Sasa unataka kosa lake tulitie simenti, wageni wa Nunguni waje walisome?"

Maneno yalikuwa yangu. Nilikuwa nimewakasirikia mwaka mzima watu waliomfuta mke wangu, na wa kwanza kushika kitambaa nilikuwa mimi.

"Kigae kibaki hapo," Ben akasema. "Jumamosi tutaona."

Jumatatu nilitoa kiti nikakiweka chini ya mgunga. Jike alikuwa ndani tangu Novemba, nilimwona dume akileta. Sikwenda na mbuzi. Mdomo uliopenya kwenye ufa ulikuwa kivulini, macho yangu ni ya zamani, sikuweza kuapa rangi yake. Jumanne hivyo hivyo. Kyule akapita. "Unamlinda asiibiwe?" Nikasogeza kiti karibu na shina.

Alhamisi, jua likiwa limepanda, tope likaanza kuanguka. Alikuwa akigonga kutoka ndani. Aligonga mpaka ufa ukawa dirisha. Akatoka, mkia umepinda, manyoya yamelala vibaya kama nguo iliyokunjwa sandukuni. Makinda yalibaki mle ndani yakilia. Akatua kwenye tawi juu ya kichwa changu, akanyoosha bawa moja, kisha la pili.

Mdomo ulikuwa mweusi. Mweusi kama sufuria.

Nimechunga hapa miaka sitini. Niliwaona wenye midomo myeusi kila siku na kila siku nikawaita watoto. Ndila aliyetoka Nunguni alitazama mara moja.

Sikungoja viatu. Nilienda kwa Kyule na miguu mitupu, nikamkuta anakula.

"Ni mweusi," nikamwambia. "Jike ni mweusi. Nilikosea mimi. Na wewe ulicheka."

"Nilicheka kwa sababu ulinichekesha."

"Basi Jumamosi utasimama mbele ya watu useme hivyo."

"Nisimame niseme wewe ni mjinga?"

"Ndiyo."

Akaacha kutafuna. "Hilo naweza," akasema.

Na alilisema. Jumamosi, mbele ya kanisa lote na wakwe wa Nunguni, Kyule alisimama akasema mwenzake Mutunga alimkosea mchoraji, na yeye alishiriki, na walikuwa wazee wawili wasiojua ndege wa mlangoni kwao. Watu walicheka. Dada yake Ndila, Wayua, hakucheka. Alisema, "Miaka yote hiyo, na mlisubiri ndege awaambie." Ni kweli.

Asubuhi hiyo Ben alikuwa amemwambia fundi Kitheka atie bati kwenye simenti, upande wa kichwa, na kijipaa juu yake. Ben alifanya hivyo mwenyewe, sikumwomba. Chini yake Kitheka alikwaruza kwa msumari: Ndila, mchoraji. Kigae nilikipeleka kwa kina mama wa mapishi. Ni kigumu, hakichujuki. Walikatia kabichi.

Kisha wakaniita niseme neno. Nilikuwa na brashi yake ndogo mfukoni na ile akriliki ya kijani. Ilikuwa imekauka mdomoni, nikaitoboa kwa mwiba. Nilipiga goti, ikachukua muda, Ben akanishika kwapani.

"Ndiye," nikasema.

Nikaweka nukta kwenye pembe. Ilitoka kubwa, kama punje ya mbaazi. Kitheka alitaka kuifuta aipunguze, nikamwambia aiache.