Ufa wa Chumba cha Mbele

Jumatatu tarehe 2 Machi 1998, nilipokuwa nikifunga dirisha la chumba cha mbele kabla mvua haijaanza, niliona ufa. Ulianzia kwenye kona ya chini ya dirisha ukashuka kuelekea sakafuni, mwembamba kama uzi wa kushonea. Nilichukua penseli, nikaweka alama pale ulipoishia, kisha nikaandika tarehe pembeni. Nilijifunza kusoma na kuandika mwaka 1976, katika darasa la watu wazima, nikiwa tayari na watoto wawili, na tangu hapo jambo lisilo na tarehe huliona kama halijatokea.

Jumatatu iliyofuata ufa ulikuwa umeipita alama yangu kwa upana wa vidole viwili. Tarehe 16 ulikuwa umeongezeka tena, na lipu iliyouzunguka ilikuwa imevimba. Nilipoigonga ilitoa sauti ya debe tupu.

Nyumba hiyo ya Bulyaga, hapa Tukuyu, aliijenga marehemu mume wangu mwaka 1974. Wakati huo nilikuwa kwa wazazi wangu Matwebe, nilikokwenda kujifungua mtoto wetu wa kwanza, nami nilikaa huko miezi saba. Niliporudi nilikuta nyumba imekwisha kupigwa lipu ya saruji ndani na nje, imepakwa chokaa, na barazani zimesimama nguzo nne za matofali ya kuchoma. Mume wangu, aliyekuwa karani wa ghala la kahawa, aliniambia kwamba nimeingia katika nyumba ya matofali. Wenzangu wengi walikuwa wangali katika nyumba za mianzi na udongo. Sitaficha: tofali lile nililitaja kanisani, sokoni na kisimani kwa miaka ishirini na minne.

Mume wangu alifariki tarehe 19 Agosti 1994. Tangu matanga yalipokwisha, mdogo wake anayeishi Lufingo alitaka nihamie kwenye boma la ukoo wao, nikae nyuma ya nyumba yake, na hii ya Bulyaga ipangishwe. Kila mara nilikataa kwa heshima. Tarehe 23 Machi alikuja kunijulia hali, akauona ufa. Aliuwekea kiganja, akasema kwa Kiswahili, ingawa mimi naye huzungumza Kinyakyusa. Kiswahili hukiweka kwa mambo ya kikao.

“Shemeji, nyumba hii inaanguka. Pasaka ikipita nakuja na lori.”

Nilimwomba muda nimwite fundi aseme kama kilichopasuka ni lipu au ni ukuta. Tulikubaliana hivi: ikiwa ni lipu, hatalitaja tena suala la kuhama, ikiwa ni ukuta, nitafungasha mizigo bila neno. Niliona ni swali jepesi. Sikujua kwamba mafundi wanaweza kulijibu hadi lisieleweke.

Miaka ile saruji, ambayo zamani tuliipata kwa kibali, ilikuwa imerundikwa kwenye baraza za maduka ya Tukuyu, na pamoja nayo walikuja mafundi wa mitindo mipya. Wa kwanza niliyemwita alitoka Mbeya mjini, bwana mwenye viatu visivyojua tope. Alifika Jumamosi tarehe 28. Alinifundisha kwamba ufa wa nywele hupakwa tu, kwamba ufa mpana huchongwa ukapanuliwa kabla ya kujazwa, na kwamba lipu iliyovimba hubanduliwa yote. Niliyaandika hayo katika daftari. Nilipomuuliza kwa nini kitu kinachotakiwa kuzibwa kipanuliwe kwanza, alinitazama kwa huruma.

“Mama, ufa mwembamba haumezi kitu. Sharti ufunguliwe mdomo ndipo ulishwe.”

Nikaandika na hilo. Lakini papo hapo akaniambia niyaache yote aliyonieleza. Alitoa kwenye mfuko kipande cha bodi ya jasi, unga mweupe ulioshindiliwa katikati ya karatasi mbili, akasema atapigilia fito ukutani na kuufunika wote kwa bodi hizo. Ukuta utanyooka kama meza na ufa hautaonekana tena. Nilimrudisha kwenye swali langu: lipu au ukuta?

“Ukishafunika, mama, kuna tofauti gani?”

Kwa kweli alikaribia kunishawishi, kwa sababu nilikuwa nimechoka kutoelewa. Aliniachia kile kipande ili nitafakari, nikakiweka dirishani. Siku mbili za mvua zilitosha. Kwetu hapa hata chumvi hutokwa jasho ndani ya mkebe. Ile bodi ililainika kama andazi lililotumbukizwa kwenye chai. Nilimpelekea ujumbe asirudi.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa hapa Bulyaga, aliyezeeka na mwiko mkononi. Alikuja Jumanne tarehe 7 Aprili. Aliteremsha timazi, ile kamba yenye chuma kizito mwishoni, akasema ukuta haujalala upande wowote. Kisha akaziona tarehe zangu za penseli, moja chini ya nyingine.

“Mama, ukuta wako umesoma kunizidi.”

Alipiga nyundo mara tatu, taratibu, pembeni ya ufa. Lipu ilianguka kipande kimoja kikubwa kama sinia. Nyuma yake palikuwa na udongo mwekundu, na ndani ya udongo, mianzi iliyosimamishwa na kufungwa kwa kamba za mgomba.

Fundi aliweka nyundo chini.

“Ulisema ni tofali,” akasema fundi.

“Ni tofali,” nikajibu, huku nikiitazama mianzi.

Hakucheka, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Mimi nilikuwa nikikumbuka misumari. Kwa miaka yote misumari ya kuning'inizia picha iliingia katika kuta zile bila taabu, nami nikiwaambia wageni kwamba hiyo ndiyo alama ya ujenzi bora.

Fundi alinieleza kwa upole, na maelezo yake ndiyo ya kwanza niliyoyaelewa. Udongo hunywa unyevu na kuutoa, saruji huuzuia. Maji ya paa yalikuwa yakidondoka kwenye kona ile ile, yakapenya nyuma ya saruji, yakakosa njia ya kutokea, udongo ukavimba na kuisukuma lipu. Alichoma mianzi kwa kisu, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa mikavu na migumu, isipokuwa miwili iliyooza karibu na sakafu.

“Ukuta ni mzima. Kilichopasuka ni lipu.”

Nilikuwa nimepata jibu lililoniokoa, na sikuweza kulitoa bila kumwonyesha shemeji ile mianzi. Nilitundika kitenge juu ya tundu. Fundi alikuwa tayari kuliziba kwa saruji na kunishuhudia kwa maneno, lakini shemeji si mtu wa kuamini maneno kuhusu nyumba. Pasaka nzima nilipima moyoni lipi lilikuwa zito, kuondoka nikiwa mwenye nyumba ya matofali au kubaki nikiwa mwenye nyumba ya udongo. Nashangaa kwamba nilihitaji siku sita kuamua.

Jumatatu tarehe 13 Aprili lori lilisimama mlangoni. Shemeji aliingia, nami sikumkaribisha kiti, nilikivuta kitenge. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye mianzi. Alipozungumza, alizungumza Kinyakyusa.

“Hii niliikata mimi.”

Ndipo akanieleza kwamba matofali yalitosha nguzo za baraza tu, na kwamba kaka yake aliwaapisha wote waliomsaidia. Nilimuuliza kwa nini.

“Alisema ukijua, hutatoka tena Matwebe.”

Nami sikuweza kumwambia kama ningetoka. Aliongeza kwamba tangu ndugu yake afe alikuwa akiamini mianzi imekwisha kuoza, naye amefungwa na kiapo, hivyo njia pekee aliyoiona ilikuwa kuniondoa. Huenda ni kweli. Huenda pia alikitaka kiwanja. Watu wawili hao hukaa vizuri ndani ya shemeji mmoja, na mimi sijafaulu kuwatenganisha. Aliazima kisu cha fundi, niliyemwita awe shahidi, akaichoma mianzi ya tunduni mmoja baada ya mwingine. Kisha akatoka, akamwambia dereva arudi Lufingo.

Tarehe 20 Aprili kazi ilianza. Fundi alichimba mfereji wa maji ya paa, akabadilisha mianzi miwili, akabandua saruji ya ukuta ule wote. Hapo akakwama. Kukandika udongo kwetu ni kazi ya wanawake, naye hakuwahi kuifanya. Nilivua viatu, nikachanganya udongo, mchanga na samadi ya ng'ombe barazani, mbele ya macho ya majirani wanaonijua. Fundi aliketi kwenye kigoda, akaniuliza kipimo cha maji. Nilimwambia unaongeza hadi ushikike. Akauliza ushikike namna gani, ili siku nyingine naye aweze, na akanisihi nimwandikie. Nilinawa, nikafungua daftari, nikaandika tarehe. Nilikaa nayo kitambo, sikupata neno la pili. Nikaliweka daftari chini, nikamshika fundi mkono, nikauingiza ndani ya udongo.