Banda la Ukoo wa Askergarth

Jirani yangu Enid Capstick hajawahi kusema uongo kwa kinywa chake. Naanza na hilo kwa sababu wako watu hapa bondeni wanaopenda kumsengenya, na mimi sipendi. Uongo wenyewe aliusema marehemu mumewe, Wilf, tena kwa kidole tu. Enid yeye kosa lake ni kunyamaza miaka arobaini.

Shamba lake linaitwa Askergarth, liko juu kabisa ya bonde letu hapa Yorkshire, mahali ambapo hata kondoo hufikiri mara mbili kabla ya kupanda. Zamani sana, kodi ya kichwa ilipoanza na makarani wakataka kila mtu awe na jina la pili, mchunga kondoo mmoja wa huko juu aliulizwa yeye ni Adamu yupi. Akasema, Adamu wa Askergarth. Ukoo ukapatikana hivyo, kwa kumjibu karani. Wajukuu zake wakakaa na jina hilo na mvua kwa miaka mia nne, kisha wakachoka. Wakashuka Lancashire kufuma nguo viwandani, wakatoka huko wakaenda Liverpool, wakapanda meli. Leo ukimtafuta Askergarth bondeni humpati hata wa dawa. Wako Ohio, wako Ontario, wako Tasmania, wana chama chao, wana jarida, wana hata tai za shingoni. Waliobaki na shamba ni akina Capstick, ambao walikuja baadaye kabisa kama wapangaji na hawakuwa na habari na Adamu wala na mtu mwingine.

Mwaka 1971, siku ya kuanua nyasi kavu za mifugo, akaja Mwamerika wa kwanza. Mtu yeyote wa huku anajua kwamba siku hiyo, wingu likishasogea, humsemeshi mkulima hata kama nyumba yake inaungua. Huyu alikuwa daktari wa meno, hakujua. Akamfuata Wilf mle shambani na kofia yake pana. "Samahani, bwana, nyumba ya asili ya akina Askergarth ni ipi?"

Wilf hakugeuza hata shingo. Akanyoosha kidole. "Ile."

Kidole kikaangukia banda la nguruwe. Baba yake Wilf alilijenga mwaka 1938 kwa mawe yaliyobaki alipokarabati zizi la ng'ombe. Maskini daktari akaliendea, akavua kofia, akalia. Alilia kweli, Enid alimwona kwa dirisha la jikoni. Akapiga picha, akaomba jiwe moja la kumbukumbu, akaenda zake. Miezi sita baadaye likaja jarida la chama, na banda liko ukurasa wa mbele.

"Waandikie," Enid akamwambia mumewe. "Waambie umekosea."

"Mtu ametoka Ohio," akasema Wilf, "amelia, amefurahi, amerudi kwao. Sasa mimi nimwambie alichokililia ni nguruwe?"

Ndivyo tulivyo huku. Kumdanganya mgeni ni vibaya, lakini kumkosoa usoni ni vibaya zaidi. Wilf akanyamaza, Enid akanyamaza, na kiangazi kilichofuata wakaja saba.

Wakawa wanakuja kila mwaka. Kila mmoja aliondoka na jiwe, na Wilf akawa anakwenda mtoni na toroli kuleta mengine, anaziba mapengo huku anatukana chini chini. Mimi naamini banda lile limeshahamia ng'ambo lote, tena zaidi ya mara moja. Hili lililopo sasa ni la mtoni tupu. Enid naye alikuwa na kazi yake. Wageni wakitarajiwa, alimhamishia Gladys, jike la nguruwe lenye hasira za mwalimu mkuu, kwenye bustani ya matofaa, akapiga deki banda zima, akatundika maua makavu yenye harufu nzuri. Kisha aliwaingiza jikoni wote akawapa chai, keki ya zabibu na kipande cha jibini juu yake. Swali hakuwauliza hata moja. Alikuwa anaona kwamba ukimhoji mtu habari zake, na yeye atakuhoji zako, na ya kwako moja ina kwato nne.

Wilf akafa. Watoto wawili wa kiume wakahamia Kanada na jina lao la Capstick. Enid akabaki peke yake na Gladys wa tatu au wa nne, na wageni hawakukoma.

Mwaka 2011, mwezi wa tatu, alinijia mbio kwenye mvua bila koti. "Peggy, soma."

Barua ilitoka Tasmania, kwa mzee mmoja aitwaye Clement Askergarth. Mdogo wake, Lionel, alikuwa amefariki. Lionel aliwahi kuja hapa mwaka 1983, na wosia wake ulikuwa majivu yake yawekwe nyumbani kwa akina Askergarth. Je, Bi Capstick angeruhusu wayafukie chini ya sakafu ya ile nyumba ya zamani?

"Unamkumbuka huyu Lionel?" nikauliza.

"Mwaka ule walikuja kumi na wanane. Simkumbuki hata kidogo." Akakaa kitako. "Peggy, binadamu atazikwa kwa nguruwe, na mimi nimesimama pale nimeshika birika."

Nikamwambia aandike ukweli siku ileile. Akasema ataandika, na kweli aliandika, nikaiona barua kabla haijafungwa. Ilisema: karibu sana, ila kuna jambo kuhusu ile nyumba lazima ulijue mapema. Kuna tope. Njoo na mabuti ya mpira.

Nilitaka kumpiga.

Mzee akafika mwezi wa sita, mrefu, mwembamba, amevaa tai yao yenye picha ya banda, na bati la biskuti kwapani. Akaliweka bati mezani kwa upole, karibu na jibini, ndipo tukaelewa Lionel yumo humo. Enid akamimina chai.

"Bwana Clement, kuhusu ile nyumba..."

"Naam?"

"Ina unyevunyevu."

Nikamkanyaga chini ya meza. Akajikakamua tena. "Ninachotaka kusema ni kwamba si ya zamani sana kama watu wanavyodhani."

"Hata mimi si wa zamani sana kama ninavyoonekana," akasema mzee. "Keki tamu sana hii."

Enid akaona hapo pametosha, akamkatia kipande kingine. Nikamvuta mpaka kwenye sinki. "Usiposema wewe, nasema mimi."

"Ukisema wewe sikusemeshi mpaka nife."

"Basi sema, mwanamke! Marehemu yuko mezani."

Hakusema. Tukatoka watatu, tukavuka ua, Gladys anatutolea macho juu ya ukuta wa bustani. Mle bandani mzee akapiga magoti, ingawa magoti yenyewe yalilalamika, akatoa mwiko wa kujengea kwenye mfuko wa koti, akaanza kuchokonoa katikati ya sakafu. Mimi nilishafungua mdomo.

"Acha," akasema Enid. "Acha, bwana wee. Hili ni banda la nguruwe. Alilijenga baba mkwe wangu mwaka 1938. Mume wangu alinyoosha kidole kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, na mimi nikanyamaza miaka yote hii. Nyumba yenu hatujui ilikuwa wapi. Nisamehe. Nimewadanganya wote, na sasa karibu nimdanganye maiti."

Mzee hakuinuka. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mimi ni fundi mwashi, nimejenga miaka hamsini. Nilipoingia tu niliona saruji ukutani, na zamani zile haikuwapo. Na kile pale kwenye kona ni kihori cha kulishia."

"Sasa kwa nini umepiga magoti?" nikamwuliza, maana uvumilivu ulikuwa umenishinda.

Akaona haya. "Bibi alikuwa ameshapiga deki. Niliona si adabu kumwambia."

Hapo ndipo nilipoamini kwamba huyu ni mtu wa bonde letu kweli. Miaka mia mbili nje, na tabia ni ileile.

Akaketi kwenye ukingo wa kihori na bati lake mapajani. Akatwambia walikuwa yatima, yeye na Lionel. Mwaka 1947 walipakiwa melini na watoto wengine kupelekwa Australia. Hawakuwa na barua wala picha ya mtu, ila jina lililoshonwa ndani ya koti. Huko walikokulia kila mlango uliwahoji: cheti kiko wapi, baba ni nani, nani anakujueni.

"Lionel alivyokuja hapa," akasema, "alikuwa amejiandaa kuhojiwa. Alisimama mlangoni kwako akataja jina. Ukamwambia, ingia, vua viatu, chai inapoa. Basi. Aliporudi aliniambia, Clem, kuna mlango mmoja duniani, ukitaja jina letu unafunguliwa na huulizwi kitu. Alilisema hilo mpaka alipokufa. Habari za hili banda sikumsikia hata siku moja."

Enid alikuwa analia wazi, bila kujificha. "Sikumuuliza kwa sababu niliogopa na yeye ataniuliza."

"Hilo hakulijua," akasema Clement. "Na mimi sikusudii kumwambia."

Enid akafuta uso kwa aproni, akamshika mkono akamwinua. "Hapa hawekwi. Gladys atamfukua kabla ya Jumapili. Twende."

Akatupeleka mlangoni kwake, kwenye lile jiwe kubwa la kizingiti. Mimi nikaleta mtaimbo, tukaling'oa kwa shida, Clement akachimba shimo dogo safi lenye pembe nne, akamweka mdogo wake. Hakuna aliyesali kwa sauti. Jiwe likarudi mahali pake, akalisawazisha kwa pimamaji kama ni kazi ya kulipwa, akaona halijakaa sawa, akalisawazisha tena.

Enid akalitazama. "Ni pana," akasema. "Siku yako ikifika, usiende kwingine."

Mzee alikuwa anafuta mwiko kwenye suruali, akaendelea kuufuta muda mrefu baada ya udongo kuisha. Halafu akauliza kama anaweza kuingia ndani kidogo.

"Wewe huulizi, unaingia tu," akasema Enid.