Akaraje zilizomtoa mama mkekani

Leo nimeaibika jikoni, na sijafurahi hivi siku nyingi.

Tangu baba afariki na mama ahamie kwetu Muyinga, ni miezi minne hajagusa sufuria.

Huyu ndiye aliyekuwa akikaanga sambusa kule Gitega, watu wakapanga mstari. Sasa anakaa tu mkekani. Ukimwita jikoni: "Mi nimechoka, mwanangu."

Basi nikaona kwenye simu akaraje, bhajia za kunde za Wabrazili weusi. Wanazikaanga kwa mawese, kama vile wanaishi mtaani kwetu.

Nikaloweka kunde. Nikazimenya moja moja, asubuhi nzima. (Mke wangu alipita mara mbili, akaenda kuchekea uani. Nilimsikia vizuri.)

Nikasaga na kitunguu, nikadondosha kwenye mafuta.

Zikasambaratika zote. Sufuria ikawa uji mwekundu.

Sauti nyuma yangu: "We, umetia maji?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo. Na hukupiga. Bhajia ya kunde inapigwa mpaka mkono uchoke. Toka hapo."

Akashika mwiko. Akalipiga lile rojo lililobaki bakulini mpaka likawa jeupe, limeumuka. Akachota kijiko kimoja, akakidondosha.

Ikaelea, nzima kabisa.

Tumekula zote. Makombo ya zile zangu kaniwekea kwenye sahani ya peke yangu: "Mbrazili, hii iko yako."

Sasa jamaa zangu, nitajieni mapishi mengine magumu. Kesho nataka kuharibu kitu.