Zipporah na mtawa asiyeshika pesa

Ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, katika soko la Woolwich, London. Zipporah Kerubo anamweleza mteja wa nne kwamba hauzi chapati.

"Kwani hii ni nini?" mteja anauliza akinyooshea meza kidole.

"Ni vigae vya paa. Unanunua kimoja, unaandika jina lako upande wa chini, kinapigiliwa juu ya nyumba ya kutafakari huko Croydon."

Mteja anakitazama kigae, anamtazama Zipporah, anaenda zake kutafuta chapati kwingine. Mvua inaanza. Zipporah anavuta nailoni juu ya meza, anaghairi, anaifunua tena ili watu waone anachouza.

"Wakiniona na meza wanadhani nimepika," anasema. "Miaka sita nimewapikia kutafuta hizi pesa. Nimechoka kukanda unga."

Ana umri wa miaka hamsini na saba. Alitoka Nyamira, Kenya, mwaka wa 2004, na tangu hapo kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Anawaogesha, anawalisha, anawapa dawa na kusikiliza lawama zao. Analipwa pauni kumi na mbili na ushee kwa saa. Muda anaopoteza kwenye basi, kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine, haulipwi. Hilo nalo analisema kwa hasira, na ana haki.

Zipporah ni Mkristo na kila Jumapili yuko kanisani. Anakuambia hivyo kabla hujamuuliza, kwa sababu ameulizwa mno. Kilichompeleka kwa Wabudha ni usingizi. Shifti mbili kwa siku zilikuwa zimemnyima hata lepe, na daktari wake akampa anwani ya kikundi cha kutafakari kilichokodi chumba juu ya ukumbi wa mazoezi. Huku juu watu wamefumba macho, huko chini muziki unadunda na vyuma vinaangushwa.

"Waliniambia nikae, nifuate pumzi. Nikalala hapo hapo nimekaa, saa nzima, na hakuna mtu aliniamsha," anasema. "Wewe unajua mara ya mwisho nimelala bila mtu kuniita ilikuwa lini? Hata mimi sijui."

Miaka michache baadaye kikundi hicho kilipata banda la zamani la farasi viungani mwa Croydon, si mbali na tramu. Mwenye shamba, mjane, amewapa kwa sharti moja: paa liwe limekamilika kufikia Krismasi. Lisipokamilika, anauza. Kuta zimesimama tayari, kwa pesa za chapati za Zipporah. Zipporah aliipigania ahadi moja mpaka sauti ikamkauka, kwamba wiki moja kila mwezi itakuwa ya wahudumu wa wazee na wauguzi, bila malipo, na simu zao zitaachwa mlangoni.

Shida ilikuwa kutafuta fedha na watu wasiopenda kuomba. Kamati, ambayo wengi wake ni Waingereza wastaafu, iliweka bakuli mlangoni na kukataa kabisa kulitaja. Bakuli likitajwa, walisema, mtu hatatoa kwa moyo mweupe. Baada ya miaka miwili bakuli lilikuwa limelipia dirisha moja.

Ndipo Zipporah akaitisha harambee.

Mwezi Mei mwaka huu Wakenya zaidi ya mia moja walijaa katika ukumbi wa kukodi hapa Woolwich. Mshereheshaji alikuwa Njoroge, dereva wa basi ambaye akimtania mtu kidogo tu, mkono wa yule mtu unaingia mfukoni wenyewe. Mgeni wa heshima alikuwa Bhante Sumana, mtawa mzee wa Sri Lanka anayekifundisha kikundi. Kama ilivyo desturi, kila mchango ulipaswa kupelekwa mkononi mwa mgeni wa heshima.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Lydia Moraa, muuguzi, rafiki wa Zipporah tangu walipopanda naye ndege moja kuja Uingereza. Alibeba bahasha ya chama kizima cha akina mama. Alikwenda mbele akicheza, wenzake wakimpigia vigelegele, akamnyooshea mtawa bahasha. Mtawa akarudisha mikono yake ndani ya joho.

Watawa wa madhehebu yake hawagusi pesa. Zipporah alilijua hilo na akadhani kamati imemweleza Njoroge. Kamati nayo ilidhani Zipporah ndiye aliyemweleza. Lydia aligeuka na bahasha yake, akapita katikati ya viti hadi nje, na nusu ya ukumbi ikamfuata, wakiwamo waliokwisha kula.

"Huyu mzee hawezi shika pesa, na watu wangu hawawezi toa pesa bila mtu wa kuishika," anasema Zipporah. "Sasa mimi nifanye nini?"

Lydia aliacha kupokea simu zake. Kamati ilikutana kujadili mkasa huo na ikaanza kwa kunyamaza nusu saa. Zipporah anakiri kwamba katika nusu saa hiyo aliwatukana wote kimoyomoyo, kwa Kiswahili na kwa Kikisii.

Aliyevunja ukimya alikuwa mtawa. Alisema kwamba amemwaibisha mama yule mbele ya watu na jambo hilo linamsumbua. Kisha akaongeza, "Pesa siwezi kushika. Kigae naweza."

Likabaki suala la majina. Kamati haikutaka jina la mtu yeyote lionekane, na Wakenya hawakuwa tayari kutoa kimyakimya. Kikao kiliahirishwa mara tatu. Mwishowe Zipporah alipendekeza majina yaandikwe upande wa chini wa vigae, yawepo na yasionekane, akawaambia asiyekubali akamenye viazi vya harambee ijayo. Walikubali.

Kigae kimoja ni pauni kumi, pamoja na malipo ya fundi. Leo ni katikati ya Oktoba na vimebaki zaidi ya mia mbili. Njoroge, ambaye yuko mapumzikoni, anazunguka sokoni akitaja kwa sauti walionunua na kuwauliza wengine wanangoja nini. Kufikia saa tano vimeuzwa tisa. Bhante Sumana ameketi nyuma ya meza chini ya mwavuli, akipokea kila kigae kwa mikono miwili na kukipanga kwenye kreti. Mwandishi wa makala haya ameshikishwa mwavuli huo, na hakuna aliyemuuliza kama mkono unamuuma.

Kisha Zipporah anainua macho. Mwanamke mwenye koti la kijani amesimama mbele ya meza na noti ya pauni kumi.

"Andika Lydia Moraa," anasema. "Andika kubwa."

Zipporah anaandika. Anataka kukipeleka kigae nyuma yeye mwenyewe, lakini Lydia anamnyang'anya, anaizunguka meza na kumnyooshea mtawa. Bhante Sumana anasimama, anakipokea, anainamisha kichwa, na hakiweki kwenye kreti. Anabaki amekikumbatia kifuani.

Lydia anamtazama. "Sasa ameshika," anasema, kisha anamuuliza Zipporah kwa nini amesimama kwenye mvua bila kofia.

Kwenye lile banda, Zipporah amejichagulia chumba cha mwisho, mbali na jikoni. Akiulizwa atafanya nini huko paa likikamilika, hazungumzii nuru wala amani.

"Nitakaa, nitafumba macho, nitalala," anasema huku akimenyana na nailoni. "Na asiniamshe mtu. Lydia atakaa mlangoni na simu yangu."