Loris, Kitasa wa Shiling

Mikoba ilianza kurudishwa dukani wiki ya pili tu baada ya makatoni kufunguliwa. Wa kwanza aliuleta mwalimu wa sekondari, vishikio vimechunika kama gamba la nyoka. Siku mbili baadaye ikaja mingine minne. Albina akachukua kisu, akapasua mmoja kutoka mshono hadi mshono, na chini ya ule mng'aro akakuta kitambaa kilichopakwa plastiki. Ngozi bandia tupu. Akakaa nyuma ya kaunta ya duka lake pale Moshi, mkoba uliopasuliwa ukiwa mapajani, akijiuliza swali moja lililomnyima raha kuliko hasara yenyewe: ilikuwaje mzigo huu ukampita Loris?

Kwa miaka kumi na mmoja Albina alikuwa akienda Guangzhou, China, kununua mikoba, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kufunga katoni kabla Loris hajaupitisha mzigo. Alikuwa Mwitaliano wa miaka hamsini na tisa, mrefu, mabega mapana, pua imepinda upande kwa kuvunjika mara mbili. Kazi yake ilikuwa kukagua ngozi katika kiwanda kimoja cha Shiling, ule mji wa mikoba ulio nje ya jiji. Aliipapasa ngozi amefumba macho, akaikunja, akainusa, kisha akasema "hao", yaani nzuri, au akaisukuma pembeni bila neno. Kiswahili alikiokota kwa wateja wake wa Tanzania na Kenya, na ingawa ngeli zilimpiga chenga, alieleweka. Watanzania walimwita Kitasa, jina wanalompa beki asiyepitika, maana kabla ya kurudi kwenye ngozi Loris aliishi kwa mpira.

Mwezi wa sita Albina alipanda ndege akiwa na mikoba miwili mibovu kwenye begi na maneno makali mdomoni. Alifikia kwa mdogo wake, Wilbard, aliyekuwa akiishi Barabara ya Zhanqian na kufungasha mizigo ya nguo kwa wafanyabiashara wa nyumbani. Kesho yake asubuhi akapanda basi la kwenda Huadu, wilaya ulipo mji wa Shiling.

Loris alimpokea mlangoni mwa kiwanda kwa mikono miwili. "Dada Albina! Karibu. Mzigo yako bado, ngoja kesho."

"Sijaagiza mzigo, Mzee Loris. Nimekuletea huu." Akamwekea mkoba mmoja mezani.

Mzee akaushika. Vidole vyake havikuhitaji hata nusu dakika. Uso ukamkunjamana kama mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika. "Hii si ngozi. Nani amekuuzia takataka hii?"

"Wewe uliipitisha. Mwezi wa nne. Mimi nilikaa pale, kwenye kile kigoda, wewe ukasema hao."

"Mimi?"

"Wewe."

Loris akakitazama kigoda, kisha akamtazama Albina. Akatia mkono mfuko wa shati, akatoa kidaftari kilichochakaa, akaanza kufunua kurasa kwa haraka, midomo ikimchezacheza. Albina aliona kwa jicho la pembeni namba ya nyumba, jina la mtaa, jina la mkewe limeandikwa kwa herufi kubwa. Kisha akauona ukurasa wake mwenyewe: *Albina. Moshi. Mikoba. Mrefu, mwanya, anacheka kwa sauti.* Mtu aliyejuana naye miaka kumi na mmoja alikuwa amelazimika kumwandika ili asimpotee.

"Kitabu hii inajua watu," Loris alisema taratibu, akikifunga. "Mwezi wa nne haina." Akainama karibu yake. "Dada, usimwambie laoban."

Laoban ni bosi, na bosi wa kiwanda kile, Bwana Huang, alikuwa ofisini ghorofa ya juu. Maneno yote makali ambayo Albina alikuwa ameyapanga tangu Kilimanjaro yalimtoka kichwani. "Simwambii," akajibu.

Mchana ule Lan, mke wa Loris, alikuja na chakula kama kawaida yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, aliyekuwa na kibanda cha vifungo na bizimu sokoni. Akamvuta Albina nje, kwenye kivuli cha lori la mizigo, na kwa Kichina cha sokoni ambacho wote wawili walikimudu, akamweleza. Ilianza mwaka juzi. Loris aliwasha jiko akatoka. Alishuka kituo cha basi akasahau pa kwenda, akaketi hapo hadi polisi walipompigia mkewe. Wakaenda hospitali. Daktari akaonyesha picha za ubongo, halafu akauliza swali ambalo Lan hakulitarajia: huyu mzee aliwahi kupigwa sana kichwani?

Loris alicheka alipolisikia swali hilo. "Mwambie kila siku, isipokuwa Krismasi."

Hakuwa akitia chumvi. Alizaliwa katika mji mdogo wa Toskana ulio kando ya mto, mji unaonuka ngozi mbichi toka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Baba yake alifanya kazi kiwandani, akiwa amevaa buti za mpira, na Loris mwenyewe aliingia humo akiwa na miaka kumi na mitano. Jioni alichezea timu ya wafanyakazi. Hakuwa na mbio wala chenga, lakini alikuwa mrefu na hakuogopa kitu, basi kocha akamweka katikati nyuma na kumpa kazi moja: kila mpira unaokuja juu ni wako. Jioni ile ile mpira ulifungwa kwa kamba kwenye mti wa goli, ukaning'inia, naye akaambiwa aupige kichwa mara mia kabla ya kwenda kuoga. Alifanya hivyo miaka minne.

Akiwa na miaka kumi na tisa timu ya daraja la tatu ikamchukua. Baba yake alilia, si kwa furaha wala kwa huzuni, bali kwa sababu mwanawe angepata kulala hadi saa mbili asubuhi. Loris alicheza miaka kumi na sita katika klabu nne. Mechi mia nne na kumi na moja, magoli matatu, na yote matatu kwa kichwa. Alionja daraja la kwanza msimu mmoja tu, mechi tisa. Katika mechi ya nane aligongana kichwa na mshambuliaji wakigombea kona, akazimia. Alipozinduka walimfunga bendeji, kocha akamwonyesha vidole vitatu, yeye akasema vinne, kocha akacheka, akamrudisha uwanjani. Uwanja mzima ulisimama ukampigia makofi. Aliwahi kumwambia Albina kwamba ile ndiyo ilikuwa siku nzuri kuliko zote katika maisha yake ya mpira, ingawa matokeo aliyasoma gazetini kesho yake, maana hakukumbuka hata dakika moja ya kipindi cha pili.

Alipofika miaka thelathini na mitano hakuna aliyemtaka tena nyumbani. Wakala akamtafutia klabu ndogo ya daraja la pili Guangzhou. Akaja na begi moja. Misimu miwili baadaye klabu ikavunjwa, wachezaji wakatawanyika, naye akabaki, kwa sababu alikuwa ameshampata Lan, na kwa sababu Bwana Huang, aliyekuwa akija kumtazama kila Jumapili, aligundua kwamba yule beki mrefu anaijua ngozi kama mkulima anavyojua udongo.

"Daktari amesema ni mpira?" Albina aliuliza.

"Amesema hawezi kuapa," Lan alijibu. "Amesema wengi waliocheza kama yeye wanakuwa hivi. Mimi nilikuwa nampikia, nilikuwa namfulia jezi. Nilidhani hatari iko miguuni."

Katika basi la kurudi jijini Albina hakupata amani. Alikuwa amempa mzee ahadi. Lakini alimfikiria Anyango wa Nairobi, aliyekuwa akichukua mikoba pale pale, na wanawake wengine ambao wangefungua makatoni yao na kukuta uchafu, wote wakiwa wameviamini vidole vya mtu ambaye hakujua jana alifanya nini. Akafikiria pia siku ambayo mteja asiyemjua Loris angemfokea mbele ya wafanyakazi na kumwita mwizi. Siku ya tatu alirudi Shiling, akapanda ghorofani, akamwambia Bwana Huang kila kitu. Alifanya hivyo Loris mwenyewe akiwa amesimama mlangoni.

Mzee hakupiga kelele. Alisema neno moja la Kiitaliano ambalo Albina hakulijua, akageuka, akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta. Bwana Huang akasema Loris ataendelea kuja kila asubuhi, atakaa mahali pake, ila ngozi itapita kwa mtu mwingine. Albina alikuwa amefanya lililopaswa, na hakuna aliyemshukuru, wala yeye mwenyewe hakujishukuru.

Jumamosi iliyofuata timu ya wafanyabiashara wa Afrika Mashariki waishio Guangzhou ilikuwa na mazoezi kwenye uwanja wa kukodi wa nyasi bandia. Wilbard alikuwa beki wao wa kati, na yote aliyoyajua kuhusu kukaba alifundishwa na Loris. Lan akamleta mzee kwa teksi, kwa kuwa aliomba. Alipomwona Albina alimnyooshea mikono yote miwili, akatabasamu, akamwita dada. Albina alimkumbatia huku akiwa hajui kama amesamehewa au kosa lake limesahauliwa.

Vijana walikuwa wakipiga krosi. Ilipokuja ya tatu Wilbard aliruka, akaupiga kwa paji la uso, ukatoka na mlio. Loris akasimama ghafla.

"Acha!" Akaingia uwanjani na viatu vyake vya ngozi. "Wilbard, acha hiyo."

"Si wewe uliyenifundisha, mzee?"

"Ndiyo. Mimi." Akamshika kichwa kwa viganja vyote viwili, kama anavyoshika ngozi anapotafuta kasoro. "Mimi nilikufundisha vibaya."

Wenzake walisogea. Siku ile akili ya mzee ilikuwa safi kabisa, Lan alisema baadaye kwamba alikuwa hajamwona hivyo tangu mwaka mpya. Wilbard akamuuliza polepole, "Mzee wangu, ungejua mapema, ungeacha?"

Loris alifikiri. "Nikiwa na miaka ishirini, wewe ukaniambia, ningekucheka. Sikuwa na kitu kingine. Wenye miguu walipewa mpira, mimi nikapewa hewa." Akakiachia kichwa cha Wilbard. "Wewe una miaka mingapi?"

"Thelathini na mbili."

"Una mke. Una kazi. Sasa unampigia nani kichwa?"

Mazoezi yaliendelea, mipira ikipita chini.

Wiki moja baadaye walicheza na Wakongo. Hadi dakika ya themanini ilikuwa sare ya bao moja kwa moja, na Albina alikuwa amekaa pembeni na Lan na mzee, ambaye siku hiyo hakujua timu yake ni ipi. Wakongo wakapata kona. Mpira ulikuja juu, mzuri, wa saizi ya Wilbard. Albina aliona mdogo wake anakunja magoti kuruka, kisha akaona anayanyoosha tena. Miguu haikuondoka ardhini. Mkongo mmoja akapita nyuma yake, mpira ukamdondokea mguuni, akafunga.

"Si ungeruka tu, buda!" Mutua, kipa wao Mkenya, alimfokea. "Ilikuwa yako hiyo! Unaogopa nini?"

Wilbard alichukua mpira wavuni, akaubeba hadi katikati. Walifungwa mbili kwa moja. Wachezaji wawili hawakumpa mkono walipotoka, na mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba beki asiyepiga kichwa akakae nyumbani. Alipofika pembeni Albina alimpa chupa ya maji.

"Umeumia?" akamuuliza.

"Nimeumia, dada," Wilbard alisema. "Lakini siyo kichwani."

Kufikia mwezi wa kumi Loris alikuwa hawezi tena kukaa kiwandani, maana alitoka nje kila mara kutafuta basi la timu. Dada yake alipiga simu kutoka Toskana akiomba wampeleke nyumbani. Lan, ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wa nchi yake, alifunga kibanda chake cha vifungo, akampa jirani funguo, akaenda naye.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata Lan alimpigia Albina simu ya video. Kulikuwa na baridi, amevaa koti la wifi yake linalomfika magotini. Alisema wanaishi karibu na mto. Asubuhi wanatembea hadi darajani na kurudi, na wazee wa mtaa wanamsimamisha mumewe na kumwita kwa jina, ingawa yeye hawajui. Wao wanazikumbuka mechi zake zote.

"Na wewe anakujua?" Albina aliuliza.

"Anajua jina langu," Lan alisema. "Ananisemesha Kichina, hata mbele ya dada yake. Huku hakuna mwingine wa kuongea naye Kichina, kwa hiyo haniachi."

"Mtarudi Shiling?"

Lan akageuza simu. Loris alikuwa amesimama ukingoni mwa mto, kofia ya sufu imemfunika masikio, anatazama maji.

"Sijui," akasema. "Kesho tuna miadi ya daktari. Ngoja nimwite, amesimama karibu mno na maji." Akakata simu, na Albina akabaki na kioo cheusi mkononi.