Sahani ya Kwanza Ni Yangu

Nasema bila kuona haya: pale stendi ya Buzuruga hakuna anayenishinda kwa supu ya vichwa vya sangara. Nina miaka ishirini na moja kwenye meza yangu, majiko mawili ya mkaa, mabenchi matatu, na madereva ambao hawashiki usukani kabla ya kupita kwangu. Wapo wanaosema supu ya jirani yangu nayo ni tamu. Waache waseme, kila mtu na mdomo wake.

Kazi hii nimeirithi kwa mama. Yeye aliwapikia abiria wa kivuko cha Busisi, enzi zile watu wanasubiri pantoni mpaka njaa inawakuta palepale. Daraja la kuvuka ziwa lilipofunguliwa magari yakawa yanapita bila kusimama, naye akakunja meza yake akarudi nyumbani kupumzika, ingawa neno kupumzika halipendi. Alinifundisha kuosha kichwa cha samaki mpaka maji yawe meupe, kutotia ndimu mapema, na kanuni moja aliyoishika kama amri ya kanisani: mpishi hali mbele ya mteja. Mteja akikukuta unatafuna, atakuona mlafi, au atadhani umeshachagua vinono na yeye unampa mabaki. Mpishi anakula mwisho, saa tisa au saa kumi alasiri, kilichobaki chini ya sufuria. Mama aliishi hivyo, na mimi hivyohivyo. Nilijivunia kanuni hiyo kuliko hata supu yenyewe.

Magoti ndiyo yaliyoanza kunigomea. Ninaishi juu mlimani, kwenye mawe, na kila alfajiri nashuka kwa miguu. Maumivu yalipozidi nikawa nashuka kinyumenyume, mikono imeshika mawe. Majirani wakiniuliza, nawaambia natazama kama nimefunga mlango. Nadhani walinionea huruma, maana hakuna mtu anayetazama mlango wake mpaka barabarani.

Nikaenda hospitali. Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu, akaniamkia shikamoo kabla ya kufungua faili, na hapo nikampenda. Alinionyesha kwenye picha jinsi gegedu la magoti, ule mto laini kati ya mifupa, lilivyolika. Akanipima presha, akaniandikia vidonge vya kupunguza uvimbe na maumivu, kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa wiki mbili, kisha nirudi anione. Akasisitiza kwamba ni baada ya kula, kamwe si tumbo tupu. Akaniuliza kama asubuhi huwa nakula. Nikamjibu kwamba nakula.

Sikumdanganya, au ndivyo nilivyoamini. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri mimi naonja. Naonja chumvi, naonja ndimu, naonja pilipili, kila mara matone machache kwenye kiganja. Ladha ya samaki haitoki mdomoni mpaka mchana. Tena swali lenyewe lilinichekesha kidogo. Mtu anayeshinda na sufuria, unamuuliza kama anakula?

Dawa ilifanya kazi, sitaisingizia. Siku ya tatu nilishuka mlima nikitazama mbele. Nilichuchumaa jikoni na kuinuka bila kumwita mtu. Kwa hiyo wiki mbili zilipokwisha, badala ya kurudi kwa daktari, nikachukua karatasi ya vidonge iliyobaki tupu, nikaenda nayo duka la dawa, nikanunua vilevile. Siku za baridi, mvua inapotoka ziwani na magoti kuwaka moto, niliongeza na vingine vya rangi tofauti ambavyo jirani yangu alivisifia. Nikaendelea hivyo miezi, nikijiona mjanja.

Tumbo likaanza kuungua. Nikalaumu pilipili. Kisha choo kikawa cheusi kama masizi ya sufuria, na hilo sikumwambia mtu, kwa sababu mtu anayeuza chakula hazungumzi habari za choo. Nikawa naishiwa pumzi nikipanda kwenda nyumbani. Niliogopa, lakini niliogopa zaidi kurudi kushuka kinyumenyume.

Asubuhi moja nilikuwa nachota supu, upawa ukanitoka mkononi, nikajikuta nimekaa juu ya gunia la mkaa na siioni stendi vizuri. Alikuwepo dereva mmoja mzee wa njia ya Sengerema, mteja wangu tangu mwaka wa kwanza, mtu ambaye hajawahi kuinuka kwenye benchi langu bila kukausha bakuli. Siku hiyo aliacha supu nusu, akanipakia kwenye gari, akanikimbiza hospitali. Ile nusu bakuli ndiyo iliyonitisha. Nilijua hali yangu ni mbaya kweli.

Nililazwa, nikaongezewa damu. Walisema tumbo lilikuwa linavuja ndani. Daktari wangu yuleyule alikuja kukaa kando ya kitanda, hakunigombeza. Alitaka kujua kila nilichomeza. Nilipomtajia vile vidonge vya rangi nyingine alishika kichwa, akanieleza kwamba ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja na vile vya kwanza, na kwamba nilikuwa namezeshwa na mikono yangu mwenyewe dozi mara mbili. Kisha akauliza asubuhi kabla ya kidonge nakula nini. Nikamwambia supu. Akauliza kiasi gani.

Nikafungua kiganja nikamwonyesha.

Alikitazama kiganja changu. Kisha akasema taratibu, "Mama, huko ni kuonja. Hujala."

Nimesemwa maneno mengi stendi, na mengi nimeyarudisha. Hilo nililipokea, nikakifunga kiganja.

Alivisimamisha vidonge vyote. Nikapewa dawa za kuponya tumbo, nikapimwa na figo, nikakaa nyumbani mpaka damu iliporudi. Tumbo lilipopona alinipa dawa nyepesi ya maumivu na mazoezi ya magoti. Zile kali aliniruhusu kwa siku mbaya tu, dozi ndogo, kwa idadi ya siku aliyoiandika yeye, pamoja na kidonge cha kulinda tumbo, na baada ya mlo kamili. Akaniambia wazi kwamba hata chakula peke yake si kinga ya kutosha, hivyo nikiona tena weusi ule nisisubiri kesho. Kuhusu dozi sikubishana. Kilichoniumiza ni mlo kamili saa kumi na mbili asubuhi, mbele za watu, mimi binti wa mama yangu. Ama niivunje kanuni yake, ama niiache meza.

Siku niliyorudi, supu ilipoiva, wanaume watano walikuwa wameshakaa. Nikachota bakuli la kwanza, nikachukua chapati mbili, nikakaa nao kwenye benchi. Yule dereva wa Sengerema akasogea kunipa nafasi.

Nikanywa supu yangu ikiwa ya moto, mara ya kwanza tangu nianze kuipika. Kumbe ndiyo hii wanayoifuata! Nilijisikia fahari mpaka nikataka kujipa hongera mwenyewe.

Mama alikuja kunitembelea mwezi uliofuata. Alishuka stendi asubuhi, akanikuta na kijiko mdomoni, wateja wananisubiri. Uso wake niliuona. Alikaa pembeni, akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kidonge. Nilikifahamu kwa rangi kabla hajakifikisha mdomoni. Magoti yake nayo, kumbe, na dukani kwao nako wanauza. Akaniomba maji.

Nikamshika mkono, nikamwuliza kama ameshakula. Akajibu kwamba amekula, ameonja uji wa wajukuu kabla ya kutoka.

Kidonge nikakifunga kwenye pindo langu, nikamwambia hiki tutakipeleka kwa daktari leoleo. Nikachota bakuli, kichwa kizima, nikaliweka mbele yake.

"Wahudumie wateja kwanza," akasema.

"Mama, kula."

Alitazama benchi, akatazama bakuli. Akaanza kwa kijiko kimoja, kama anayepima chumvi. Kisha akainama, akanywa mpaka jasho likamtoka puani, akafyonza na mifupa. Alipomaliza akasukuma bakuli tupu mbele yangu.

"Niongeze," akasema, na madereva wakasubiri.