‘Sikuwa Nabembeleza Mtoto’: Muuza Samli wa Garissa Adai Wimbo Wake

Asubuhi, kabla jua la Garissa halijaanza ukali wake, Osob Hamze ameketi mkekani nyuma ya nyumba yake mtaani Waberi, amepakata haan. Hicho ni chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, naye amekifunika kwa kitambaa kuzuia vumbi. Anakitikisa mbele na nyuma ili siagi ijitenge. Mikono inatikisa, mdomo unaimba.

Ukimtazama kwa mbali utadhani amepakata kitoto kichanga. Na balaa lote lilianzia hapo.

Osob, mwenye umri wa miaka 58, huuza samli sokoni. Maziwa humjia kwa pikipiki kutoka Balambala. Kiangazi kikikaza, mitungi minne hugeuka mmoja, na huo mmoja nao huja nusu. Hata hivyo amesomesha watoto watano kwa samli hiyo, na miaka yote hiyo amekuwa akitunga nyimbo.

Miaka mitatu iliyopita alifikiwa na mgeni kutoka Nairobi, Gitau, mtunzi wa muziki wa okestra. Alisimama uani kidogo, akaunasa wimbo kwa simu, akashukuru, akaenda zake.

“Hakuuliza maana yake hata neno moja,” anasema Osob kwa Kiswahili chake cha sokoni. “Lakini chai yangu alikunywa vikombe viwili, walahi.”

Hakusikia tena habari za mgeni huyo hadi mwaka huu. Mteja wake, Mwalimu Nkirote, mzaliwa wa Meru anayefundisha muziki katika shule moja ya mtaa huo, alikuja kununua samli huku simu yake ikilia fidla. Osob akaacha kupima.

“Nilimwambia, mwalimu, hii wimbo ni yangu! Nani ameiba sauti yangu akatia ndani ya zeze?”

Nkirote alidhani ni mzaha. Osob akamwimbia pale pale, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na fidla ikawa inamfuata kama mkia.

Kumbe utunzi huo sasa unaitwa “Bembelezi ya Jangwani”. Umepigwa Nairobi, umepigwa ng’ambo, watu wamesimama kushangilia. Redioni Gitau amesimulia kilichomsukuma kuuandika: alimkuta mama mnyonge jangwani akimbembeleza mwanawe mwenye njaa, machozi yakamtoka. Na mtunzi wa wimbo wenyewe? Hajulikani.

Jamani! Mtoto gani, na hiyo ni haan? Jangwa gani, na jirani ana duka la simu? Mtu amekunywa chai ya mwenyeji, halafu anatangaza kwamba mwenyeji hajulikani!

Kisa chenyewe ni kingine kabisa. Osob alipokuwa amelazwa hospitali, akijifungua binti yake Ikran, shemeji yake alimuuza ngamia jike ambaye Osob alipewa na baba yake mzazi. Hakumwomba ruhusa wala radhi. Wazee wakamshauri asubiri. Osob hakusubiri, akatunga. Ikran anatufasiria:

“Shemeji mwenye mkono mrefu, umemuuza aliyeninywesha. Watoto wako wakilia kiu, waambie ulishakula maziwa yao.”

Wanawake wa Balambala waliuimba visimani, kisha watoto wakauimba njiani. Shemeji akawa hapiti popote bila kuusikia. Hatimaye alileta ngamia mwingine, mwenye mimba.

“Ile ni wimbo ya hasira,” anasema Osob, akipiga haan kwa kiganja. “Ilirudisha haki yangu. Leo wanalaza nayo watoto! Subhanallah!”

Lakini kinachomchoma zaidi ni jina. Kwa Wasomali, anayeimba utungo wa mwingine humtaja kwanza mwenyewe. Asipomtaja, huyo ni mwizi, hata akiimba vizuri namna gani.

Gitau alipopigiwa simu, hakukana kuunasa wimbo huo. “Nyimbo za asili hazina mwenyewe, ni za jamii,” alisema. Aliahidi kwamba safari ijayo kijitabu cha onyesho kitaandikwa “shukrani kwa akina mama wa Kaskazini Mashariki.” Alipoulizwa kama jina lake mwenyewe litaondolewa ili utunzi uwe wa jamii, alisema yuko mkutanini. Mkuki kwa nguruwe!

Osob aliposomewa jibu hilo alicheka, cheko lisilo na furaha. “Akina mama wa Kaskazini Mashariki ni nani? Walinyonyesha Ikran wao? Mimi nina jina. Baba yangu alichinja mbuzi siku ya kunipa.”

Onyesho lijalo ni mwezi ujao, Nairobi. Nkirote amekwisha kuwapatia Osob na Ikran viti viwili, safu ya mbele. Ikran anaogopa mama yake ataaibishwa mbele za watu. “Hooyo, askari watakutoa,” anamwambia.

Osob anafungua haan, anachungulia, siagi imeshika.

“Kwetu, mwimbaji akisahau jina la mtunzi, yeyote aliyekaa pale anasimama, anamkumbusha,” anasema. “Hiyo si fujo, ni adabu. Nitasimama kabla hawajapiga. Nitasema: wimbo huu umetungwa na Osob Hamze, na maana yake ni hii. Halafu askari waje. Watanitoa, lakini watu watakuwa wamesikia.”